Intaneti Hafifu Vijijini: Sababu Zake na Namna ya Kuitumia

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya sekondari anayefundisha kijijini huku akiandika tasnifu yake huhitaji vitu vitatu kutoka chuo kikuu: vitabu vya kusoma, maelekezo ya msimamizi wake, na habari za mitihani. Zamani vitu hivyo vilimfikia kwa gari-moshi, kwa lori, au mkononi mwa msafiri. Barua ilichelewa, lakini ilipofika ilisomeka yote. Siku hizi vitu hivyohivyo vinatarajiwa kumfikia kwa intaneti, na hapo ndipo taabu yake inapoanza. Ukurasa hufunguka nusu. Kitabu hupakuliwa hadi sehemu tisa kati ya kumi, kisha uhusiano hukatika na kazi yote huanza upya. Mega zilizonunuliwa zimekwisha, na kitabu hakikupatikana.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, ilidhihirika katika nchi nyingi kwamba mwanafunzi aliyerudi kijijini kwa wazazi wake hakuwa na nafasi sawa na mwenzake aliyebaki mjini, hata kama wote wawili waliandikishwa katika darasa moja na kulipa ada ileile. Basi udhaifu wa intaneti vijijini ni suala la mafundi, na papo hapo ni suala la haki ya elimu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: kwanza, kwa nini intaneti ya vijijini ni hafifu, pili, jinsi inavyoweza kutumika vema pamoja na uhafifu wake. Mfano mkuu umechukuliwa kutoka Macha, kijiji cha Zambia ambacho mtandao wake umechunguzwa na wataalamu kwa miaka kadhaa. Wasomaji wa Katanga wanaijua Zambia kama jirani. Mengi yaliyoonekana kule yanafanana na yale ya huku.

2. Neno moja, maradhi matatu

Katika mazungumzo ya kila siku ya Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, matatizo yote ya intaneti hutajwa kwa neno moja lililotoka katika Kifaransa: rezo. Rezo haiko, rezo ni mbaya, rezo imekatika. Kiswahili sanifu nacho kina neno mtandao, lenye asili moja na vitenzi tanda na tandaa, na jina utando. Ni neno zuri, maana linaonyesha kitu chenyewe kilivyo: nyuzi zilizotandazwa na kukutana mahali pengi. Hata hivyo halisemi ni nini kilichoharibika. Mganga anayeita kila ugonjwa homa hawezi kuchagua dawa. Vivyo hivyo, mtumiaji anayesema tu kwamba mtandao ni mbaya hajui aanzie wapi kuutengeneza. Kwa hiyo yafaa kutofautisha maradhi matatu, ambayo katika makala haya yataitwa wembamba, ukawiaji na ukatikaji.

Wembamba ni uchache wa habari zinazoweza kupita kwa sekunde moja. Hupimwa kwa biti kwa sekunde. Biti nane hufanya baiti moja, na katika maandishi ya kawaida baiti moja huhifadhi herufi moja. Uhusiano wa kilobiti 128 kwa sekunde, kwa mfano, hupitisha kilobaiti 16, yaani herufi 16,000 hivi kwa sekunde. Ukifananishwa na barabara, huu ni upana wake: magari mangapi yanaweza kupita sambamba.

Ukawiaji ni muda unaopita baina ya swali na jibu, hata kama swali lenyewe ni fupi sana. Huu ni urefu wa barabara. Barabara inaweza kuwa pana na bado ikawa ndefu. Mfano bora ni setilaiti za zamani zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka hadi kituo cha ardhini. Jibu nalo hupanda na kushuka. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 143,000. Mwanga na mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo huchukua karibu nusu ya sekunde. Hakuna fundi awezaye kuipunguza, kwani hiyo ndiyo kasi ya mwanga yenyewe.

Nusu ya sekunde huonekana kitu kidogo. Lakini kabla ukurasa mmoja haujaanza kuonekana, kompyuta hubadilishana na upande wa pili maswali kadhaa: kuuliza anwani, kubisha hodi, kukubaliana juu ya siri ya mawasiliano, kisha ndipo kuomba ukurasa. Maswali manne kama hayo ni sekunde mbili za ukimya. Na ukurasa wa siku hizi huwa na vipande kumi, ishirini au zaidi vinavyotoka mahali mbalimbali, na mahali papya kila pamoja huanza kwa kubisha hodi.

Ukatikaji ni kupotea kwa habari njiani, iwe kwa nukta moja au kwa siku nzima. Barabara ipo, lakini daraja limechukuliwa na maji. Sababu zake ni nyingi. Mnara wa simu uko mbali: kwa kanuni za kawaida za GSM, mnara hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali kuliko kilomita 35, na mara nyingi vilima na miti hupunguza umbali huo. Umeme wa mnara umekatika au mafuta ya jenereta yamekwisha. Wakati mwingine sababu iko mbali kabisa na kijiji. Mwezi wa Januari 2020, mkondo mkubwa wa mchanga na matope uliotoka mdomoni mwa Mto Kongo ulishuka katika korongo la chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita 1,100, ukakata nyaya za SAT-3 na WACS zinazopitisha intaneti ya pwani ya magharibi ya Afrika. Mwezi wa Agosti 2023 maporomoko katika korongo hilohilo yalizikata tena nyaya hizo mbili. Mtumiaji aliyekuwa akipandisha na kushusha modemu yake siku hizo alikuwa akitafuta kosa nyumbani, kumbe kosa lilikuwa chini ya bahari.

Maradhi haya matatu huambukizana. Kanuni zinazoongoza safari za habari katika intaneti zilirekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya mtandao wa Marekani kusongamana mwaka 1986. Tangu hapo, kompyuta inayotuma habari ikiona kipande kimepotea, huchukulia kwamba njia imejaa, na hupunguza mwendo ili kuwapisha wengine. Adabu hiyo inafaa mjini. Kijijini, kipande mara nyingi kimepotea kwa sababu ya mvua au mawimbi dhaifu, si kwa msongamano. Hata hivyo kompyuta hupunguza mwendo vilevile. Na pale ambapo ukawiaji ni mkubwa, kurudia mwendo wa kwanza huchukua muda mrefu. Ndiyo maana uhusiano unaopoteza vipande vichache tu huweza kuonekana umekufa.

3. Mfano wa Macha

Macha iko katika Mkoa wa Kusini wa Zambia, katika nchi ya Watonga, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka mji wa Choma. Ni mahali pa kilimo, penye hospitali ya misheni, shule, na kituo cha utafiti wa malaria. Kuanzia mwaka 2004 intaneti ililetwa huko kwa setilaiti, na mhandisi Mholanzi Gertjan van Stam alikuwa miongoni mwa walioijenga pamoja na wenyeji. Kutoka kwenye sahani moja ya setilaiti, mawimbi ya Wi-Fi yaligawanywa kutoka jengo hadi jengo, hata nyumba za wauguzi, walimu na watafiti zikaunganishwa.

Sahani hiyo moja iligharimu dola 1,200 kwa mwezi. Kwa fedha hizo kijiji kizima kilihakikishiwa kilobiti 128 tu kwa sekunde za kupokea, ingawa mara nyingine, njia ilipokuwa tupu, kasi iliweza kupanda hadi megabiti moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na wenzao wa Afrika walikusanya kumbukumbu za mtandao huo kuanzia mwaka 2010, wakaanza kutoa matokeo yao mwaka 2011. Mambo matatu waliyoyaona yanastahili kukumbukwa.

La kwanza, sehemu ya njia hiyo nyembamba ilitumiwa na kazi ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Kompyuta zilizoambukizwa virusi zilituma habari usiku na mchana, na programu zilijisasisha zenyewe bila kuuliza. Mwuguzi aliyetaka kusoma barua pepe moja alishindana na mashine ambazo wenyewe walikuwa wamelala.

La pili, kurasa zilezile ziliombwa na watu mbalimbali mara kwa mara. Kila mara ukurasa ulisafiri upya kilomita maelfu kwa maelfu, ingawa jirani alikwisha kuuleta kijijini asubuhi hiyohiyo.

La tatu, na pengine ndilo la kushangaza zaidi, sehemu kubwa ya ujumbe uliopita kwenye setilaiti ulikuwa wa watu wa Macha wakiandikiana wao kwa wao. Mtu aliyekaa hospitalini alimwandikia mwenziwe wa shuleni, umbali wa kutembea kwa miguu. Ujumbe ulipanda angani, ukashuka bara jingine, ukafika kwenye kompyuta za kampuni ya Marekani, kisha ukarudi kwa njia hiyohiyo kijijini. Ni sawa na mtu wa Kipushi kumpelekea jirani yake wa Kipushi barua kwa njia ya Brussels.

4. Je, kupanua njia kunatosha?

Mwaka 2011 Macha ilipata njia nyingine: mawimbi ya redio yanayopita kati ya minara ya ardhini, yenye upana wa megabiti mbili kwa sekunde, na bila ukawiaji wa setilaiti. Wengi wangetarajia kwamba shida ingekwisha. Watafiti walipima tena, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha vingine. Mwanzoni hali ilikuwa njema. Baada ya miezi, watu waliokuwa wakiepuka faili kubwa walianza kuzituma na kuzipokea, na tovuti nazo zilizidi kuwa nzito; njia ikajaa, na kungojea kukarudi. Barabara ilipanuliwa, magari yakaongezeka.

Somo hili lina uzito leo, kwa kuwa njia mpya zinafika. Setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, zimepunguza ukawiaji kwa kiasi kikubwa: safari ya kupanda na kushuka mara mbili ni kilomita 2,200 tu mahali pa kilomita 143,000. Huduma ya Starlink ilianza Zambia mwezi wa Oktoba 2023, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliipa leseni mwezi wa Mei 2025. Kwa kijiji kilicho mbali na mnara wowote, hiyo ni habari njema. Lakini sahani hununuliwa kwa fedha, hulipiwa kila mwezi, na huhitaji umeme saa zote inapofanya kazi. Shule moja ikiinunua, watumiaji watakuwa mia moja, na watafanana na watu wa Macha wa mwaka 2011. Upana wa njia ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni uzito wa mzigo na desturi za wasafirishaji.

5. Uzito wa mzigo

Hesabu ndogo itaonyesha jinsi mizigo inavyotofautiana. Ukurasa mmoja uliopigwa chapa kwa kawaida huwa na herufi 2,000 hivi, yaani kilobaiti mbili. Tasnifu ya kurasa 200 ni kilobaiti 400. Kwenye njia ya kilobiti 128, inayopitisha kilobaiti 16 kwa sekunde, tasnifu nzima hufika kwa sekunde 25.

Tasnifu hiyohiyo ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa mashine ya kunakili, na kila picha ikawa na kilobaiti 500, itafikia kilobaiti 100,000. Kwa njia ileile itahitaji sekunde 6,250, yaani saa moja na dakika 44, kama uhusiano haukukatika hata mara moja. Maneno ni yaleyale, hoja ni zilezile. Mzigo umeongezeka mara 250. Zaidi ya hayo, maandishi huweza kutafutwa neno kwa neno, kunukuliwa na kuhesabiwa, jambo ambalo kila mwanaisimu analihitaji. Picha ya maandishi haikubali hayo mpaka ifasiriwe upya na programu maalumu.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo haisemwi mara nyingi. Tahajia yake sanifu hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama juu yake. Katika mfumo wa UTF-8, unaotumika karibu kila mahali katika intaneti, kila herufi ya namna hiyo huchukua baiti moja tu, ilhali herufi zenye alama, kama é ya Kifaransa, huchukua mbili. Kwa maandishi marefu tofauti hiyo ni ndogo. Lakini katika ujumbe mfupi wa simu, ambao mara nyingi ndio njia pekee inayobaki pale intaneti inapokufa, tofauti ni kubwa. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160 zikiwa zote zimo katika alfabeti ya GSM. Ikiingia hata moja isiyomo, nafasi hushuka hadi 70. Alfabeti hiyo inayo é lakini haina ê, na haina baadhi ya alama za toni zinazotumika katika kuandika lugha nyingine za Kongo. Kiswahili huingia chote, isipokuwa katika mtego mmoja: ritifaa ya ng'ombe au ng'ambo ikiandikwa kwa alama iliyopinda, kama programu nyingi za kuandika zinavyopenda kufanya, ujumbe mzima hupungua hadi herufi 70 na hulipiwa mara mbili au tatu. Ritifaa iliyonyooka haina gharama hiyo.

6. Mto na ghala

Mtu wa mjini hutumia intaneti kama anayekaa kando ya mto: akitaka maji, huchota wakati huohuo. Mtu wa kijijini akiiga desturi hiyo atakufa kiu, kwa sababu mto wake hukauka bila taarifa. Ajifunze badala yake kutoka kwa mkulima wa mahindi. Mkulima havuni kila siku anapoona njaa; huvuna kwa msimu, huweka ghalani, na hula kidogo kidogo hadi msimu mwingine. Akiba haiozi.

Mbinu hii si ngeni katika Afrika. Mapema miaka ya 1990, kabla nchi nyingi hazijapata intaneti kamili, madaktari wa Zambia na nchi nyingine walipokea barua na makala za kitabibu kwa njia ya HealthNet. Baadhi ya barua hizo zilibebwa na setilaiti ndogo iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa mwaka 1990. Setilaiti hiyo ilipita juu ya kila nchi mara chache kwa siku na kwa dakika chache tu. Ilipopita ilipokea barua zilizongoja na kushusha zile ilizobeba, ikaenda zake. Hakuna aliyelalamika kwamba uhusiano umekatika, kwa kuwa kukatika kulikuwa sehemu ya mpango. Mtumiaji aliandika akiwa ametulia, bila kuangalia saa wala salio.

Kwa kufuata kanuni hiyo, mtumiaji wa kijijini anaweza kujipangia kazi yake hivi:

(a) Kupima kabla ya kulaumu. Karibu kila kompyuta ina programu ndogo iitwayo ping, inayotuma swali fupi na kuonyesha jibu limechukua muda gani na maswali mangapi yamepotea. Majibu yakirudi yote lakini polepole, ugonjwa ni ukawiaji, au njia imejaa. Yakipotea mengi, ugonjwa ni ukatikaji. Yakirudi upesi na bado faili kubwa haliishi, ugonjwa ni wembamba. Kila jibu lina dawa yake.

(b) Kuinua modemu. Pale ambapo mawimbi ya mnara ni dhaifu, antena iliyofungwa juu ya mti mrefu au nguzo, ikielekezwa kwenye mnara, mara nyingi husaidia kuliko kununua kifurushi kikubwa zaidi. Modemu iliyofichwa ndani ya nyumba ya mabati husikia kidogo sana.

(c) Kuzuia wageni wasioalikwa. Sasisho za kujiendesha, video zinazojianzisha na picha zinazopakuliwa bila kuombwa zizimwe. Programu isasishwe kwa siku maalumu, na kompyuta isafishwe virusi. Macha imeonyesha kwamba hapa ndipo njia nyingi huibiwa.

(d) Kusoma na kuandika barua nje ya mtandao. Programu ya barua pepe kama Thunderbird hupokea barua zote kwa mara moja, huziweka katika kompyuta, na huzituma zile mpya uhusiano unaporudi. Kuandika barua ndani ya ukurasa wa tovuti ni kujitia katika hatari ya kupoteza kazi ya saa nzima kwa nukta moja ya ukatikaji.

(e) Kupakua usiku, kwa programu inayoendelea pale ilipoachia. Seva nyingi hukubali kuombwa sehemu ya faili tu. Programu inayojua hilo, ikikatizwa katika sehemu ya tisa kati ya kumi, huomba ile ya kumi peke yake. Bila uwezo huo, kila ukatikaji ni hasara kamili.

(f) Kujenga ghala la pamoja. Kiwix ni programu ya bure inayowezesha kusoma Wikipedia nzima ya lugha fulani, pamoja na vitabu vingine, bila intaneti. Mafaili huletwa mara moja kutoka mjini katika diski. Mradi wa WiderNet, ulioanzia katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ulikusanya maelfu kwa maelfu ya nyaraka katika maktaba iitwayo eGranary, na kuzipeleka katika vyuo vingi vya Afrika zikiwa ndani ya diski. Jina lenyewe lina maana ya ghala la nafaka. Kompyuta moja ya shule yenye ghala kama hilo, ikiunganishwa kwa Wi-Fi, huhudumia simu za darasa zima bila kutumia mega hata moja. Ujumbe wa wenyeji wenyewe unaweza pia kubaki humo, usipande angani bila sababu.

Ni kweli kwamba ghala lina kasoro zake. Kilichohifadhiwa huzeeka, na mambo ya haraka, kama tangazo la mtihani au taarifa ya ugonjwa, hayawezi kungoja diski ya mwezi ujao. Lakini mambo ya haraka kwa kawaida ni mafupi, na yaliyo mafupi hupita hata katika njia nyembamba. Mambo mazito ndiyo yanayoweza kungoja. Kosa ni kuyachanganya, mpaka tangazo la mistari mitatu likangojea nyuma ya video ya saa nzima.

7. Wajibu wa mtumaji

Mpaka hapa ushauri umeelekezwa kwa mpokeaji. Hata hivyo ingekuwa si haki kumtwika mwanafunzi wa kijijini mzigo wote. Uzito wa faili huamuliwa na yule anayelituma, naye mara nyingi yuko mjini, penye uhusiano mzuri, hata asihisi uzito wa anachotuma. Ratiba ya mitihani hubandikwa ubaoni, hupigwa picha kwa simu, na picha hiyo hutumwa kwa wanafunzi wote: megabaiti tatu kwa maneno mia moja. Katika njia ya kilobiti 128, picha hiyo huchukua zaidi ya dakika tatu. Maneno yenyewe yangechukua chini ya sekunde moja.

Idara, maktaba na ofisi za chuo kikuu zinaweza kubadili desturi hii bila bajeti mpya. Tangazo liandikwe kama maandishi. Somo litolewe katika faili la maandishi kwanza, na picha au video ziwe nyongeza kwa awezaye. Tasnifu ihifadhiwe katika umbo lake la maandishi, si picha ya kurasa peke yake. Somo la kusikiliza litolewe kwa sauti bila video, kwa kuwa sauti ya mtu anayesema huweza kubanwa sana na bado ikasikika vema. Na msimamizi wa tasnifu aandike maoni yake yote katika barua moja iliyokamilika, badala ya kumwita mwanafunzi mara kumi katika mazungumzo ya papo kwa papo ambayo hayawezi kushika.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba uhafifu wa intaneti vijijini si ugonjwa mmoja bali mitatu, na kwamba kila mmoja una chanzo chake: wembamba wa njia, urefu wake, na madaraja yake yanayokatika. Mfano wa Macha umeonyesha kwamba kupanua njia peke yake hakumalizi shida, kwani mizigo nayo hukua. Yanayodumu ni mawili: kutenganisha kazi na uhusiano, ili kazi iendelee hata njia inapofungwa, na kupunguza uzito wa kila kinachotumwa.

Kwa wanaoshughulika na Kiswahili, jambo hili lina maana ya pekee. Lugha hii imesafiri kutoka pwani hadi kingo za Lualaba mikononi na midomoni mwa watu waliobeba mizigo kwa miguu, na walijua kwamba mwenye safari ndefu hufunga mzigo mwepesi. Maandishi ya Kiswahili ni mzigo mwepesi. Mwalimu aliye kijijini anaweza kuyapokea leo, kwa njia aliyo nayo leo, iwapo tu walioko mjini watakubali kumtumia maneno badala ya picha za maneno.